Kwa Mauzo, Bonyeza Moja

Mpwa wangu kamaliza chuo, mambo ya kompyuta. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kijana akisomea udaktari anakwenda kutibu watu wengine huko. Akisomea kompyuta anakuja dukani kwako.

Nauza spea za bajaji pale Gerezani. Duka lenyewe ukinyoosha mikono umegusa kuta zote mbili. Tuko watatu: mimi, shemeji anayeshika daftari la madeni, na kijana wa stoo. Simu yetu ilikuwa ya mezani, namba inaanza na 022, imechorwa kwenye kibao cha mlangoni tangu enzi za marehemu mzee. Inaita, unanyanyua, unasema haloo. Hapo kuna kasoro gani?

"Mjomba, umepitwa na wakati. Siku hizi simu za biashara zinapita kwenye intaneti. Mtambo unakaa kwa kampuni, kwenye seva zao, wewe unalipia kila mwezi kwa kila mtumiaji."

Mimi nilisikia "unalipia". Nikauliza hizo seva ziko wapi, akasema haijalishi. Hela yangu inakwenda mahali ambapo haijalishi!

Kuta zikatobolewa. Nyaya zikatandazwa. Kila mtu kapewa simu nyeusi yenye kioo na namba yake: mimi 101, shemeji 102, kijana wa stoo 103. Huyu wa stoo nikigeuza shingo tunatazamana. Sasa nampigia. Na ananiambia nisubiri.

Halafu kawekwa dada wa kurekodiwa, sauti nyororo kama ya benki. Kwa mauzo, bonyeza moja. Kwa uhasibu, mbili. Kwa msaada wa kiufundi, tatu. Kwa menejimenti, nne. Menejimenti, jamani, na choo tunachangia na mama ntilie! Moja inaita kwangu. Tatu, kwangu. Nne, kwangu tena. Mbili inaita kwa shemeji, ambaye hapokei, kwa hiyo inazunguka inarudi kwangu. Juzi dereva wa bajaji kaharibikiwa huko Mbagala, abiria wanamfokea, anataka plagi. Kabonyeza tatu. Nikamwambia subiri nikuunganishe na mauzo. Nikabofya. Ikaita kwangu.

Mama mkwe ndiye kaniumiza zaidi. Dada kamwambia "karibu", naye mtu mzima kajibu, "Ahsante mwanangu, hamjambo hapo? Huyo mkwe wangu yupo?" Dada akamjibu, "Chaguo lako si sahihi." Ukoo mzima sasa unajua nimeajiri mwanamke asiye na adabu.

Umeme nao. Simu ya zamani hata mtaa mzima uwe giza, yenyewe inaita, maana umeme wake, volti 48, ulikuwa unakuja na waya uleule wa shaba kutoka kituo cha simu. Nani alikuwa anajua? Miaka yote nilidhani ni uimara tu. Sasa LUKU ikiisha rauta inazima, na ofisi nzima, menejimenti ikiwemo, inakuwa bubu. Mpwa kaninunulisha betri ya akiba. Umeme ukikatika inalia pii, pii, pii. Wateja wanadhani ni kengele ya wezi, wanatoka mbio na spea mkononi.

Mpwa anasema simu moja inakula kama kilobiti 100 tu kwa sekunde, intaneti yetu inatosha na kubaki. Basi mbona siku ya Simba na Yanga sauti ilikuwa inakuja vipande? "Bo... nata... pisto..." Kijana wa stoo huko nyuma anatazama mechi kwa intaneti ya duka. Kumbe kuna watu wanaitwa ITU, shirika la kimataifa kabisa, wameshauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Hapa kwetu mteja alikuwa anasikia bei baada ya kukata tamaa. Mpwa kaingia kwenye rauta, akaipa sauti kipaumbele, mpira ukae nyuma. Simu zikanyooka. Kijana wa stoo kaninunia mpaka leo.

Na hii mpya haitoi ile tuu-tuu-tuu ya kuwa bize! Mwenye nyumba akidai kodi zamani nilikuwa nauweka mkono wa simu pembeni, mambo yameisha. Sasa akipiga anapangwa foleni, anachezewa taarabu, anasubiri. Anaipenda ile taarabu.

Jana mke wangu kaletewa ripoti kwenye barua pepe. Sikujua kuna ripoti. Akasoma mbele ya watu wote: mchana ule niliosema nimebanwa na wateja mpaka nikasahau kununua unga, iliingia simu moja. Nikamwambia mitambo hii huwa inachanganya. Akabofya. Duka zima likasikia sauti yangu, nimebana pua: "Bosi? Bosi kasafiri, mzee. Yuko Tunduma."

Mpwa akatabasamu kwa fahari. "Umesikia ilivyo klia, mjomba? Haina hata mkwaruzo."