Mkwaju Uliogeuzwa

Lugha ya PHP, iliyotolewa hadharani mwaka 1995, iliishi miaka 14 bila maeneo ya majina, yaani mitaa inayoziruhusu klasi mbili, ambazo ni violezo vya kuundia vitu vya programu, kuitwa jina moja bila kugombana. Kwa hiyo klasi zilibandikwa majina marefu yaliyoungwa kwa mistari ya chini, mithili ya mtoto anayetajwa na mababu zake wote kila anapotumwa chumvi dukani. Toleo la 5.3 lilipoileta mitaa hiyo mwaka 2009, kitenganishi kilichochaguliwa kilikuwa mkwaju wa kinyume, kwa kuwa nukta ilikwisha kuajiriwa kuunga matini na nuktapacha maradufu nazo zilikuwa na kibarua chao, ingawa mkwaju huohuo, ukiwa ndani ya matini, hubadili maana ya herufi inayoufuata. Kilele cha ukarimu ni tamko la «use», linalosifika kwa kuingiza klasi ilhali haliingizi chochote: hufupisha jina tu, kisha kipakiaji, chombo cha kuleta faili linapohitajika, huachiwa msako, nacho kikitoka mikono mitupu, programu hufa na anwani kamili mfukoni.