Vyombo Visivyosahau Kazi

Wahenga wa pwani walisema kwamba rahisi huvunja upishi, na tangu waliposema hivyo kila kitu cha bei nafuu kimekuwa kikishtakiwa kwa kosa hilo pasipo kupewa nafasi ya kujitetea. Mimi, niliyezaliwa Mombasa na kuhamishiwa ualimu Muhuru Bay, nimeishi na vitu rahisi kwa muda wa kutosha kutoa ushahidi kwa upande wao, nao ushahidi wangu ni huu: kitu kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine hakina hila wala uadui, kina uaminifu tu, na uaminifu wenyewe ni kwa bwana wake wa kwanza. Waweza kukinunua, kukiosha, kukipaka rangi na kukipa jina jipya. Lakini siku ya wageni, saa ile ambayo heshima ya nyumba nzima inakitegemea, kitairudia kazi kiliyofundishwa ujanani mwake, tena kwa bidii ambayo ingalimpendeza sana tajiri wake wa zamani.

Muhuru ni mji wa ufuoni mwa Ziwa Victoria, katika pembe ya mwisho ya Nyatike, kaunti ya Migori, karibu mno na Tanzania hata mtu anayekwenda Kirongwe, mpakani, haagwi kwa machozi. Mashua za hapa huenda mpaka Migingo, kile kisiwa cha mawe chenye mabati mengi kuliko ardhi, ambacho Kenya na Uganda zimekigombania kana kwamba ni shamba la ekari elfu. Maduka ya samani yako mbali, nayo nauli ya kabati aghalabu haipishani sana na bei ya kabati. Basi mwenye kutaka nyumba ya staha hapana budi atazame kilicho karibu, na kilicho karibu ni cha ziwa: nyavu zilizochoka, mbao za mashua zilizostaafu, mabeseni, makopo na kamba. Wenyeji wanavijua vitu hivi na tabia zake, na huvipa kazi za kiasi chake, wavu ukazunguka mboga na ubao ukawa mlango wa banda la kuku. Matatizo huanza mtu anapovipandisha cheo ghafla.

Fauka ya hayo kuna mitumba. Jirani yangu, mama mmoja mchuuzi wa omena, hutegemea dagaa hao wadogo wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza na kuanikwa juani. Lakini kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili nao wapate faragha ya kuzaliana, yeye huweka kando mabeseni yake akafungua robota la nguo za ng'ambo. Biashara hii, iliyosambaa nchini tangu masoko yalipoachiwa huru katika miaka ya 1990, na ambayo uagizaji wake kutoka nje serikali iliusimamisha kwa miezi michache mwaka 2020 kwa hofu ya korona, ina tabaka zake: nguo bora, zinazonyakuliwa mara kamba inapokatwa, huitwa kamera, na masazo yanayobakia chini ya miguu ya wateja huitwa fagia. Mimi hutoka shuleni alasiri. Msomaji na akisie mwenyewe mimi ni mteja wa tabaka gani.

Nianze na benchi. Fundi mmoja alikuwa amebomoa mashua kuukuu, naye akaniuzia ubao wa ubavuni uliokuwa bado na nambari ya usajili kwa rangi nyeupe, vipande vya bati vilivyopigiliwa kuziba nyufa, na mpindo mwororo, ulioinuka miisho na kuzama kati, ambao kwa macho yangu ulikuwa pambo. Niliupiga vanishi mara mbili, nikautia miguu, nikauweka sebuleni. Wageni wake wa kwanza walikuwa wazee wawili waliokosana juu ya mpaka wa shamba, waliokuja kwangu, mimi mgeni nisiye na upande, niwaandikie barua ya madai. Na kila mmoja alichagua mwisho wake wa benchi ili ipatikane nafasi ya kutosha ya uadui baina yao. Walakini ubao ule ulikuwa umelelewa kukusanya uzito katikati ili chombo kisipinduke, na vanishi yangu iliusaidia katika wajibu huo. Wazee walianza kuteleza polepole, kila mmoja kwa adabu akijifanya hatelezi, hata kabla chai haijamiminwa walikuwa paja kwa paja, na kila mmoja anamtuhumu mwenzake kuwa ndiye aliyevuka mpaka. Barua haikuandikwa. Walipoinuka kwa hasira, bati moja likabaki na kiraka cha suruali ya mmoja wao kama risiti. Na mgeni aliyefuata, mvuvi, aliinama akaisoma ile nambari, akataka kujua kama leseni ya benchi imelipwa mwaka huu.

Benchi lisilo na vitambaa ni aibu, kwa kuwa katika nchi hii kochi lisilofunikwa vitambaa vya kufuma huhesabiwa kuwa limeketi uchi mbele za watu. Nikanunua katika fagia sweta nzito ya sufu, iliyofumwa kwa ajili ya baridi isiyopata kufika Muhuru, kwa azma ya kuifumua na kuufuma uzi wake upya kwa sindano ya kroshia. Wajuzi wa kazi hii husema kwamba uzi wa sufu uliofumuliwa huja na mawimbi, na dawa yake ni kuuosha na kuuanika ukining'inizwa kitu kizito mpaka unyooke. Niliuning'inizia jiwe, lakini uzito wa jiwe ulishindwa na ukaidi wa sufu. Kitambaa kilitoka kizuri, cha mviringo, chenye maua pembeni, kikakaa bapa jioni nzima. Kisha usiku kikajikunja pande mbili zikakutana, na asubuhi palikuwa na kitu ambacho mtu mwadilifu hawezi kukiita kwa jina jingine ila mkono wa sweta. Mtoto wa jirani, ambaye hakuwa amesomeshwa nadharia yoyote ya sanaa, alipitisha mkono wake humo hadi begani akaenda nao kwao. Mama yake aliurudisha jioni kwa radhi nyingi, akaniomba nisikasirike, maana mwanawe alikuwa ameondoka na nusu ya sweta yangu, nayo nusu ya pili wameitafuta nyumba nzima wasiione.

Juu ya kashata nitasema kwa uchungu zaidi, kwa sababu kashata ni fani ya kwetu. Nilipata njugu nzuri za Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, nikazikaanga na kuzipepeta. Nikayeyusha sukari taratibu mpaka ikawa na rangi ya kahawia isiyokaribia uchungu. Nikatia iliki niliyoletewa kutoka Mombasa. Nikachanganya, nikamimina upesi juu ya sinia lililopakwa mafuta, nikakata mapande ingali moto, kama ipasavyo. Katika yote hayo hapana kosa. Ila sinia lenyewe, bati pana lenye kingo zilizoinuka kwa kadiri hasa ya kashata, nilikuwa nimelinunua kwa muuzaji wa samaki wa kukaanga, nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likanirudishia uso wangu. Sukari iliyoyeyuka ni moto kuliko maji yachemkayo, na moto ule uliamsha katika bati kumbukumbu ya kila mbuta aliyepata kulilalia. Iliki ilijitahidi, lakini ilikuwa ugenini. Nilizipeleka shuleni, katika chumba cha walimu, ambako mmoja wetu alitafuna, akameza, akanyamaza kwa heshima, kisha akauliza kama ugali uko njiani. Jirani yangu, nilipomwonjesha ili nipate hukumu ya mtaalamu, alifumba macho kwa muda, akasema hazina ubaya wowote ila zimepungua chumvi.

Limebaki pazia. Nyumba yangu inatazama magharibi, na jua la ziwani, kabla ya kuzama, huingia mlangoni bila kubisha hodi. Kijana mmoja aliniuzia kwa bei ya kutia shaka wavu mwembamba wa uzi mmoja wa plastiki, uliong'aa kama maji, nami nikautundika mlangoni katika mikunjo mitatu, chini nikashonea maganda ya konokono. Ulikuwa mzuri mno. Siku ya kwanza ulivua jogoo. Baada yake ulivua kofia ya mhubiri, hereni ya binti aliyekuja kuazima kibiriti, na miwani yangu mwenyewe. Na nilikuwa nimekwisha kuizoea tabia yake, nikiihesabu kuwa ni namna ya kubisha hodi, mpaka alipofika kunijulia hali mzee mmoja wa kamati ya ufuo. Wavu ulimshika kifungo cha koti. Alisimama pale kizingitini akijinasua tundu baada ya tundu, na kadiri alivyojinasua ndivyo alivyozidi kuutazama, mpaka sura ya mgeni ikamtoka ikaingia sura ya sheria.

Akanieleza, akiwa bado amenaswa, kwamba nyavu za namna hiyo zimepigwa marufuku ziwani: hazichagui mkubwa na mdogo, na kwa kuwa haziozi, hata zikimpotea mvuvi majini huendelea kuvua peke yake, usiku na mchana, bila mtu wa kuwala samaki wale. Nikatoa hoja kwamba wavu wangu haumo majini, na kwamba mbele ya sheria lile ni pazia. Mzee akaniuliza pazia limenasa nini tangu litundikwe. Nikafikiri juu ya jogoo, kofia, hereni na miwani. Nikamtazama yeye mwenyewe na kifungo chake. Nikaona kuwa shahidi wa mashtaka amekwisha kuletwa mahakamani. Aliukunja wavu akaenda nao, kwani nyavu za haramu hukusanywa na kuchomwa moto, na maganda ya konokono akaniachia kwa hisani.

Jioni jirani yangu alikuja kunipa pole, na jua likiwa limenijaa machoni nilimfafanulia falsafa yangu yote: kwamba ubao wa mashua haukomi kuwa mashua, wala mkono wa sweta haukomi kutafuta bega, na kwamba cha mtumba, ukifanye utakavyo, hakisahau kule kilikotoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Japuonj," akasema, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "mbona unasema kama wewe ni mpya? Na wewe ni mtumba. Pwani wamekuvaa miaka hiyo yote, sasa sisi ndio tumefungua. Ndiyo sababu mpaka leo unauliza nazi sokoni."

Nilitafuta jawabu katika ufasaha wote niliorithi kwa wazee wangu, nisipate. Mwishowe nikamwuliza kama, kwa maoni yake ya kibiashara, katika robota langu mimi nilikuwa kamera au fagia. Mama akanikagua kuanzia kofia hadi makubazi, akaushika ukosi wa kanzu yangu akaupima kwa vidole viwili.

"Hiyo," akasema, "tutajua ukishafuliwa."