Aina za Hewa Zinazotambuliwa na Halmashauri

Mtu wa kawaida anajua hewa za aina mbili, nzuri na mbaya. Halmashauri za Uingereza, ambazo Sheria ya Mazingira ya 1995 ilizibebesha kazi ya kuichunguza hewa ya maeneo yao, zimefika mbali zaidi. Kila mwaka zinaandika ripoti, na ukizisoma kwa uvumilivu unaostahili posho utagundua jamii tano za hewa. Moja tu ndiyo inayoingia kifuani mwa binadamu, ila ripoti hazisemi wazi ni ipi.

Iliyoenea kuliko zote ni hewa ya mrijani. Makazi yake ni kimrija cha plastiki chenye urefu wa sentimita saba hivi, kilichofungwa kwenye nguzo ya taa, juu kidogo ya mkono wa mpita njia mtundu. Mdomo wa chini uko wazi. Juu, ndani ya kifuniko, kuna kiwavu cha chuma kilichopakwa trietanolamini, kemikali inayonasa nitrojeni dioksaidi, ile gesi inayotoka hasa kwenye mabomba ya magari. Hakina umeme wala betri. Kinaning'inia wiki nne au tano, halafu afisa wa halmashauri anafika na ngazi, anakiziba, anakiandika tarehe, anakipeleka maabara na kufunga kingine. Maadui wake wa asili ni wezi, mvua ya upepo na buibui, ambaye akiona chumba chenye giza kisichodaiwa kodi anahamia siku hiyo hiyo. Msomaji makini asiikose safu ya maoni kwenye jedwali la matokeo: “kimepotea”, “kimeingia maji”, “buibui”. Hiyo ndiyo fasihi ya fani hii.

Kasoro ya kimrija ni kwamba kinatoa namba moja tu kwa mwezi mzima. Msongamano wa saa mbili asubuhi mbele ya shule na ukimya wa saa tisa usiku vinachanganywa humo humo. Lakini sheria ina kigezo cha saa pia: mikrogramu 200 kwa mita moja ya ujazo, zisivukwe zaidi ya mara 18 kwa mwaka. Kimrija hakiwezi kuziona saa hizo, kwa hiyo wataalamu walikubaliana kwamba wastani wa mwaka ukivuka 60, basi huenda na saa mbaya zilikuwepo. Ni dhana nzuri, ya kisomi kabisa.

Jamii ya pili, hewa ya kibanda, haina haja ya dhana. Ndani ya kibanda cha chuma kando ya barabara, mtambo unaigeuza gesi kuwa nitriki oksaidi, unaikutanisha na ozoni, inatoa mwanga hafifu, na mwanga huo ndio unaohesabiwa mchana na usiku. Mitambo ni ghali, kwa hiyo ni michache, na ina tabia ya kusema ukweli mapema mno. Ule wa Brixton Road, London, ulionyesha kwamba barabara hiyo ilimaliza mgawo wake wa mwaka mzima wa 2017 ilipofika tarehe 5 Januari, siku watu wanaposhusha mapambo ya Krismasi. (Huko Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umefunga vipimo hata kwenye boda boda. Hewa iendayo mbio haina nafasi katika uainishaji huu.)

Ya tatu ni hewa iliyorekebishwa, na hapa mwanazuoni anaketi wima. Vimrija vitatu vinatundikwa ubavuni mwa kibanda, na namba zao zinalinganishwa na za mtambo. Vimrija vikisema 50 na mtambo ukasema 40, basi vimrija vya eneo zima vinazidishwa kwa 0.8. Kipo pia kizidisho cha kitaifa, kinachokusanywa kutoka tafiti nyingi za aina hiyo, na halmashauri inatakiwa kuchagua kimoja na kueleza sababu. Si ujanja, ni hesabu halali. Hata hivyo, chukua kimrija kilichosoma 46. Kwa 0.9 mtaa umevuka kigezo cha mwaka, ambacho ni 40. Kwa 0.8 mtaa umepona, wala hakuna dereva aliyezima injini. Na kimrija kilichofanya kazi chini ya robo tatu ya mwaka kinakadiriwa miezi ambayo hakikuwepo, heshima ambayo watumishi wengi wangeitamani.

Kigezo hicho cha 40 kilitakiwa kifikiwe kabla mwaka 2005 haujaisha. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza 10.

Hewa ya ukutani ndiyo ya ajabu zaidi. Kigezo cha mwaka kinahusu mahali watu wanapokaa kwa muda mrefu: ukuta wa nyumba, shule, hospitali. Kando ya barabara hakihusu, wala mahali pa kazi. Basi namba ya kwenye nguzo inabebwa kwa hesabu hadi kwenye dirisha la nyumba iliyo nyuma yake, na ikifika huko imepungua. Mwuza magazeti anayesimama chini ya nguzo ile ile tangu alfajiri, miaka nenda rudi, kisheria anapumua kwa saa tu. Hewa ya wastani wa mwaka anaikuta akirudi kwake jioni.

Iliyobaki ni hewa ya ramani. Kigezo kikivukwa, halmashauri inachora mstari na kutangaza eneo la kusimamiwa. Mengine ni nyumba chache kwenye makutano ya barabara. Camden, London, ilitangaza eneo lake lote. Ili kuufuta mstari, namba zinatakiwa zishuke na zibaki chini kwa miaka kadhaa mfululizo. Mwaka 2020 zilishuka kweli. Watu walijifungia ndani kwa sababu ya korona, barabara zikawa nyeupe, vimrija vikarudi maabara na namba ambazo maafisa wengi hawakuwahi kuziona. Wataalamu wakashauri mwaka huo usitegemewe kufutia mstari wowote, kwa kuwa hewa yake haikuwa ya kawaida.