Semina ya Kamanda kuhusu Adui wa Karibu

Mzee wa bulla, akina mama, vijana wa bodaboda, na wewe uliyekuja kwa ajili ya soda: kaeni. Naona viti vingi vitupu. Leo ni Jumatano, siku ya mnada wa mifugo, na Garissa imekwenda kutazama ngamia badala ya kunitazama mimi. Hiyo ni hasara ya Garissa.

Mimi ni Kamanda. Cheo hiki sikupewa na mtu, kwa hiyo hayupo wa kuninyang'anya. Nilitumika miaka mingi kambini, stoo, upande wa mchele na maharagwe, na hakuna gunia lililowahi kunitoroka. Masharubu haya niliyafuga huko huko. Yana historia yake ndefu, nitaieleza muda ukiruhusu, na mimi ndiye mwenye muda.

Mada yetu ni kujihami kwa bastola adui akiwa karibu. Waingereza wawili, Fairbairn na Sykes, waliokuwa polisi wa Shanghai, walitoa kitabu mwaka 1942, Shooting to Live. Humo wanafundisha kwamba adui akiwa hatua chache, usipoteze wakati kufumba jicho na kulenga. Inua bastola mbele yako, upige kama unavyonyoosha kidole. Ndugu zangu, hii ni mbinu yangu! Mimi nimezaliwa 1968, na hapo mtaona wizi huu ulivyopangwa mapema.

Akaja polisi wa Marekani, Dennis Tueller, wa Salt Lake City. Mwaka 1983 aliandika kwamba mwenye kisu aliye futi 21 kutoka kwako, yaani mita 6 na kitu, hukufikia kwa sekunde 1.5 hivi. Ni muda ule ule anaohitaji mtu aliyefunzwa vizuri ili achomoe bastola na kupiga. Nasi tumelijaribu jambo hilo hapa hapa asubuhi. Kijana huyu alisimama penye mwarobaini, mkononi ana kijiti cha mswaki badala ya kisu. Nikampa ishara aje. Aliponifikia nilikuwa kwenye kifungo cha pili cha koti. Wanaocheka hawajui vita: ile inaitwa kumvuta adui ndani. Alinidunga mbavu mara tatu, kweli, lakini kila mara nilimwona.

Mbona koti zito hivi kwenye jua hili? Mtaalamu huficha silaha yake, mama yangu hooyo. Ndiyo, ni ya plastiki. Ndiyo, hutoa maji. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kumiliki bastola bila cheti, na cheti hakitoki mpaka wahusika waridhike kwamba una sababu ya maana na kwamba kukupa silaha hakutahatarisha usalama wa umma. Sijaomba. Mtu wa hadhi yangu haombiombi. Tena umma wenyewe, nikiutazama kutoka hapa, sioni kama uko tayari.

Tuingie kwenye usalama. Jeff Cooper, aliyefungua shule yake kule Arizona mwaka 1976, aliacha kanuna nne, samahani, kanuni nne. Masharubu yameingia mdomoni. Kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umekwisha kulenga. Na uijue shabaha yako, pamoja na kilicho nyuma yake. Tazameni sasa, kidole changu kinakaa... Mzee, niwie radhi. Ni maji tu, kikoi kitakauka. Wengine andikeni: Kamanda amepiga mara moja, na hakukosa.

Swali? Wewe hooyo tena. Sema, lakini kwa ufupi.

Wale abiria wa basi la Mandera walifunzwa na nani?

Basi lipi? Naam. La Desemba 21, 2015, karibu na El Wak. Nalijua. Mwaka uliotangulia, Novemba 2014, huko huko Mandera, Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Kwa hiyo safari hii bunduki zilipotokea tena na amri ikatoka Waislamu wasimame huku na Wakristo kule, kila mtu ndani alijua kinachofuata. Akina mama wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Abiria wakagoma kutengana. Wakasema wauaji wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi kwa kugoma kwake, akafia hospitalini Nairobi Januari 2016.

Nami nakujibu kitaalamu. Umbali ulikuwa wa karibu, hilo Tueller angelikubali. Kuchomoa, hawakuchomoa chochote. Mkao wao si wa Shanghai wala wa Arizona. Mwongozo wangu hauna sura ya hijabu. Una sura ya masharubu. Aliyewafunza simjui. Mimi sikuwafunza, ingawa nilikuwa huru wiki ile.

Hapana, kijana, usipige makofi, sijamaliza. Ada ya semina ni shilingi 500, cheti ni 200 zaidi, nimekitia sahihi mwenyewe. Mzee wa kikoi hatalipa.

Jambo la mwisho, na hili lisiandikwe. Hooyo, nasikia kesho unapanda basi la Mandera. Mimi pia naenda, kwa shughuli za kikazi. Nakuomba unishikie kiti kando yako, na kama nyumbani una shungi la ziada, lichukue. Liwe refu.