Mtomatilo Kapera

Jumamosi iliyopita jirani yetu wa Puebla alikibinya kifuko cha kwanza cha tomatilo zangu mbele ya wageni wote. Kikatoa pumzi, fuu, kikabaki bapa kiganjani mwake. Akabinya cha pili. Fuu. Nyama ilikuwa motoni tayari, na nilikuwa nimeshatangaza kwamba leo hatuli kachumbari, leo ni salsa ya kijani kutoka barazani kwangu. Mama yule akauzunguka mmea, akachungulia nyuma ya ndoo, halafu akaniuliza kwa upole unaouma kuliko tusi: "Mwenzake yuko wapi?"

"Yuko jikoni," nikamjibu. "Anasonga ugali."

Wageni wangali wanacheka.

Kumbe tomatilo haijichavushi. Hapa naomba univumilie, maana tangu siku ile usiku wangu umekuwa wa kusoma mambo haya tu. Ua lake la manjano, lenye madoa meusi kooni, lina sehemu za kiume na za kike pamoja, sawa na la nyanya. Nyanya ikitikiswa na upepo mambo yamekwisha. Tomatilo, hapana. Chavua ikitua juu ya stigma huotesha kamrija kembamba ka kushukia hadi kwenye vijiyai. Lakini ua hukagua kwanza, na likigundua kuwa chavua ni ya mmea uleule, kamrija kanazuiwa njiani. Ni wazee wa ukoo hasa: kijana anafika na mahari, anaulizwa babu yako ni nani, akimtaja babu wa bibi harusi anarudishwa na mbuzi wake. Kukata tawi na kulipandikiza pembeni hakusaidii, kwa kuwa ni yeye yuleyule amegawanyika. Anatakiwa mgeni aliyeota kutoka mbegu nyingine, na nyuki wa kwenda na kurudi. Asipopatikana, maua hudondoka, na machache yenye ukaidi hujivimbishia vifuko vya hewa. Na kwa kuwa hata kwenye mmea uliochavushwa kifuko hutangulia kukua na tunda likafuata, nilikaa majira yote ya joto nikijipongeza kwa ajili ya upepo.

Nathi za kwetu Kiambu, ambazo ni za jenasi moja na tomatilo, huota mmea mmoja peke yake kando ya njia na kuzaa mpaka watoto wakakinai. Hakuna aliyewahi kuzitafutia mchumba.

Mbona nilikuwa na mmoja? Iulize Machi ya Minneapolis. Mbegu hizi hupenda udongo wa nyuzi 25 hivi, na dirishani kwetu hata maziwa hayaharibiki. Trei ikapanda juu ya friji, ikashushwa kwa amri ya mwenye jiko. Miche ikachipua, ikarefuka kwa kutafuta jua, mashina yakanywea usawa wa udongo, yote ikalala chali kwa ukungu isipokuwa huyu kapera.

Linalonikera ni pakiti. Nimeisoma mbele na nyuma. Imetaja kina cha kufukia mbegu, umbali kati ya mashimo, siku za kungoja mavuno. Picha ni bakuli lililojaa pomoni. Kwamba lazima iwe miwili, kimya. Na wanajua! Mwenye shamba hupanda mistari mirefu wala hatatambua kama kuna sharti. Anayeumia ni mpangaji wa ghorofani mwenye ndoo moja, ambaye mbegu zile chache anazinunua kwa bei ya kuringia. Madukani nako miche huuzwa mmoja mmoja kwenye kikopo, muuzaji anakuchekea na kukukabidhi risiti.

Jumapili niliingia bustani ya jamii na brashi kuomba chavua, nikaulizwa namba ya uanachama. Jumatatu nilinunua mche wa pili; majani yakafunguka, mnavu. Jana nimejaza mfuko wa tomatilo dukani Lake Street kwa bei ya soda, na jalidi ya vuli haiko mbali.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kampuni za mbegu, chapeni maneno mawili nyuma ya pakiti: pandeni miwili. Nafasi ipo. Futeni pale mlipoandika kwamba mmea huu ni rahisi kwa wanaoanza.