Heri Afuataye Kibendera

Kuna wasafiri ambao hawawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila kukueleza kwamba Misri walikwenda wenyewe. Si na kikundi, wenyewe. Walipanda treni ya bei ya chini, wakapotea vichochoroni Kairo, wakakaribishwa chai na mzee ambaye hakutaka hata senti. Ukiwaambia kwamba wewe ulikwenda na basi, nyuma ya mtu aliyeshika kibendera, wanakutazama kama kondoo wa Idi. Basi leo naomba nafasi nimsifu kondoo. Namsema yule mtu mzima mwenye akili zake timamu, asiye na mume wala mke wala rafiki wa kumkokota, ambaye kwa hiari yake na kwa fedha zake anajiunga na watu thelathini asiowajua ili wamwamshe saa tisa usiku. Huyo hajapata malenga.

Nianze na nasaba yake, maana msifiwa lazima awe na wazee. Ibn Battuta alitoka Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, roho imemjaa majonzi. Alipofika Tunis akili ikamjia, akajiunga na msafara wa mahujaji. Wakamfanya kadhi wao. Kabla hawajaiona Aleksandria alikuwa amekwisha kumwoa binti wa msafiri mwenzake, amegombana na mkwe, ametoa talaka na kuoa mwingine, na kwa ajili ya karamu ya harusi hiyo ya pili akausimamisha msafara mzima siku nzima. Niambieni ni safari gani ya peke yako itakayokupa cheo, wake wawili na mkwe wa kugombana naye kabla hujafika unakokwenda. Huyu ndiye aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kwa hiyo si mgeni kwetu. Ila piramidi hakuzipatia: ameandika kwamba chini ni duara na juu zimechongoka. Alikosa kibendera. Yeyote aliyezungushwa Giza na mwongozaji, kona baada ya kona, kwenye jua la saa saba mchana, anajua pembe ni nne. Miguu inakumbuka.

Herodotus, zaidi ya miaka elfu moja na mia saba kabla yake, alikuwa na mtu wa kumwongoza. Mkalimani wake alimsomea maandishi kwenye piramidi kubwa, akamwambia kwamba pale imeandikwa hesabu ya figili, vitunguu maji na vitunguu saumu walivyolishwa wajenzi, na kwamba viligharimu talanta 1,600 za fedha. Mgriki wa watu akaandika yote. Mimi mkalimani yule namheshimu sana. Aliulizwa swali asilolijua mbele ya mgeni mwenye kalamu mkononi, na badala ya kusema sijui akatoa figili. Wajukuu zake wa kazi bado wako pale Giza, wana leseni na miwani ya jua, na figili hazijaisha.

Baba wa kibendera chenyewe, lakini, ni Thomas Cook, seremala na mhubiri wa Kibaptisti aliyechukia pombe. Tarehe 5 Julai 1841 aliwapakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough, shilingi moja kila kichwa, kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Mwaka 1869, mwaka uleule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, alileta kikundi chake cha kwanza Mto Nile. Mwanawe akaendeleza, kampuni ikawa na meli za mvuke mtoni, hata Waingereza walipotaka kwenda kumwokoa Jenerali Gordon huko Khartoum mwaka 1884, wa kuwapandisha askari mtoni alikuwa Cook. Jeshi lilifika siku mbili baada ya Gordon kuuawa. Wanaolijua basi la watalii hawatashangaa. Na kampuni hiyo ilipofilisika Septemba 2019, wateja wake wapatao 150,000 kutoka Uingereza walikuwa nchi za watu, na serikali ikakodi ndege kwenda kuwachukua. Aliyepotea mwenyewe vichochoroni hatumiwi ndege. Anatumiwa pole.

Tuje kwenye bei, maana hapo ndipo wabaya wetu wanapochekea. Bei ya ziara hupigwa kwa mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Uliye peke yako unaongezewa: unalipia kitanda ambacho hakuna atakayekilalia na taulo ambayo hakuna atakayejifutia. Watu huita dhuluma. Mimi naona ni nafuu. Nyumbani, mtu wa umri wangu asiye na mwenzi hulipa kila harusi na kila msiba: shangazi anakuvuta pembeni, anauliza tatizo ni nini, anataja jina la binti wa jirani. Kampuni ya utalii haiulizi. Inaweka mstari mmoja kwenye ankara, unalipa, kesi imefungwa. Shangazi hana risiti.

Na ubalozini pia kondoo ana sifa zake. Mtu wa peke yake dirishani ni swali: unakwenda kwa nani, utalala wapi, utarudi lini, na kwa nini tukuamini. Mtu wa kikundi ni jina kwenye orodha yenye muhuri. Wenye pasipoti kama zetu hatuhitaji maelezo zaidi ya hapo.

Sasa nifike dukani, kwa sababu hakuna ziara ya Misri isiyofika dukani. Basi linasimama mbele ya jengo lililojiita taasisi ya mafunjo. Ndani kuna kiyoyozi, kuna chai ya rosela kwenye vigilasi, na kuna kijana mwenye shati jeupe aliyeshika bua la kijani lenye pembe tatu. Analimenya kwa kisu kidogo, anakata vipande vyembamba, anavigonga kwa nyundo, anavisukuma kwa mche wa chapati au kitu kinachofanana nao sana, anavipanga kwa kukingamana, anavibana kwenye mashine. Kisha, kwa kuwa hatuna siku za kusubiri vikauke, anachomoa chini ya meza karatasi iliyokauka tangu zamani, anaikunja, anailowesha, anaitikisa: haipasuki. Halafu anashusha sauti na kutuonya. Huko barabarani mtauziwa karatasi za bandia, zimetengenezwa kwa migomba.

Mtu wa Mwanza au Kisumu akisimama pale anastahili sanamu. Mafunjo ameyaona ziwani tangu utoto, huyasuka mikeka. Migomba iko nyuma ya nyumba. Ana ujuzi wa pande zote mbili, wa halali na wa bandia, kuliko yeyote katika chumba kile. Tena mafunjo Misri yalikuwa yamekaribia kutoweka kabisa, mpaka mhandisi Hassan Ragab alipoyarudisha katika miaka ya 1960 kwa miche kutoka Sudan, yaani kutoka juu ya mto, upande wetu. Anayajua hayo yote, na bado anatoa kadi yake ya benki na kununua Tutankhamun akiwa kwenye gari la farasi, na jina lake mwenyewe limeandikwa pembeni kwa herufi za mafarao bila malipo ya ziada.

Kila mtu ndani ya basi anajua kwamba mwongozaji ana fungu lake katika mauzo. Baada ya taasisi ya mafunjo huja taasisi ya manukato, na baada ya manukato, pamba. Lakini tazama kinachotokea kwenye viti. Watu ambao tangu uwanja wa ndege hawakusalimiana wanaanza kuonyeshana walichonunua na kuulizana bei. Mmoja kalipa mara mbili ya mwenzake. Kicheko kinapita basi zima. Mtu wa peke yake akipigwa bei, amepigwa, analala na uchungu wake. Watu thelathini wakipigwa bei pamoja wamepata mazungumzo ya chakula cha jioni mpaka Aswan. Nimewahi kukaa kwenye vikundi vya maombi visivyoungana hivyo.

Melini undugu huo hukomaa. Boti za watalii zinapopanga foleni kupita lango la maji la Esna, wachuuzi huja kwa vimashua, hujifunga ubavuni, na kurusha bidhaa hadi sitaha ya juu: galabiya, vitambaa vya meza, mashali, vyote ndani ya mifuko ya plastiki. Unafungua, unapiga kelele bei, chini wanapiga kelele yao, ukikubali unatumbukiza hela kwenye mfuko uleule na kuurusha. Ukikataa unarudisha nguo, na kuna wazungu walioirudisha mtoni badala ya mashuani, ndipo wakajua Kiarabu kina maneno mangapi. Ununuzi huu wote ni maandalizi ya usiku wa galabiya, ambapo abiria wote lazima wavae kimisri na kucheza. Mimi nilikuwa na kanzu yangu, ya darizi, niliyotoka nayo nyumbani kwa ajili ya Ijumaa. Mholanzi mmoja akaikagua mishono, akataka kujua nimeipata kwa mchuuzi yupi na kwa kiasi gani. Nikamtajia bei ya Kariakoo. Hakusema nami tena hadi Kom Ombo.

Kilele cha yote ni Abu Simbel. Ni karibu kilomita 300 za jangwa kutoka Aswan, kwa hiyo unaondoka usiku, umekabidhiwa kiboksi cha kifungua kinywa: yai la kuchemsha, mkate ulioshupaa, kipakiti cha jemu, juisi ya mapera na kijiko cha plastiki ambacho hakuna aliyegundua kazi yake. Basi linanguruma. Wote wamekaa, isipokuwa mume na mke wale wale. Kila kikundi kina mume na mke wale wale. Kule tunakokwenda, hekalu zima la Ramses wa Pili lilikatwa vipande kati ya mwaka 1964 na 1968 na kupandishwa mita 65 lisimezwe na ziwa la bwawa la Aswan. Wenzetu wawili, pamoja na teknolojia zote zilizokuja tangu hapo, hawajaweza kuhamishwa kutoka chumbani hadi kwenye basi. Lakini jamani, walivyotufaa! Mwalimu mstaafu aliyekuwa haongei na mtu aliniinamia na kunong'ona jambo baya sana juu ya mke yule, nami nikaongeza la mume, na kuanzia hapo tulikuwa tukiwekeana kiti.

Kuna mahali kibendera hakiingii. Katika Bonde la Wafalme waongozaji hawaruhusiwi kuhutubia ndani ya makaburi. Wanakueleza nje, kwenye kivuli, kisha unashuka mwenyewe. Nilishuka kwa Ramses wa Nne. Mle ndani Wagriki wa kale, watalii kama sisi, walichora majina yao ukutani, na juu ya chumba cha jeneza mungu wa kike Nut amejinyoosha dari nzima, mwili umejaa nyota, mara mbili. Hapo hakuna wa kukuambia utazame nini wala kwa dakika ngapi. Ni uhuru wenyewe, ule wanaousifu wenzetu wa kahawa. Niligeuka kutafuta mtu wa kumwambia. Mwalimu mstaafu alikuwa nyuma yangu, shingo imepinda, mdomo wazi. Tulitazama pamoja. Kisha akaniuliza kama nimeona bei ya maji pale mlangoni.

Siku ya mwisho hupita bahasha ya bahashishi, na mbele yake hupita mabishano ya bahasha: kiasi gani, kwa sarafu gani, na je, dereva ahesabiwe humo au kando. Nyuma yake huja fomu ya maoni, ambayo mwongozaji anaigawa mwenyewe, anakukopesha kalamu yake mwenyewe, na kusimama juu ya bega lako unapojaza. Nilimpa tano kati ya tano kila mstari, pamoja na ule wa usafi wa choo cha basi. Basi halikuwa na choo.

Kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya kutangaza saa za basi halijafungwa. Idi wanatuma salamu, Krismasi wanatuma salamu, na juzi mtu katupa wazo la Jordan, kwenda Petra. Mume na mke wale wamekwisha kuthibitisha. Mwalimu ameuliza basi litaondoka saa ngapi. Mimi nimeuliza nyongeza ya chumba.