Bei Chee, Mnunuzi Hayupo

Kuipata hisa inayouzwa chini ya thamani yake si kazi. Anayekwambia ni kazi ana kozi ya kukuuzia. Fungua ripoti ya mwaka, ruka picha za mwenyekiti akikata utepe na akipanda miti, nenda kule nyuma kwenye mahesabu, ambako maandishi yamepunguzwa makusudi usiyasome, kisha gawanya bei kwa faida ya kila hisa. Yangu ilikuwa shilingi 6, na faida ya kila hisa shilingi 2. Yaani faida ya miaka mitatu inainunua kampuni nzima, na magari yake, na hicho kiti cha mwenyekiti. Nikanunua.

Kazi ni kumpata mtu wa pili aliyeliona hilo.

Ukichambua mitumba Kongowea ukaibuka na koti zuri la shilingi mia mbili, unalivaa jioni hiyo hiyo na watu wanakusifu. Hisa haivaliki. Soko la Nairobi linafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, na zipo siku ambazo muda wote huo hakuna kiumbe aliyeulizia hisa yangu. Mwaka 2025 waliporuhusu mtu kununua hata hisa moja badala ya kuanzia mia, nilishangilia, nikajua sasa umati unakuja. Umati ukaenda Safaricom.

Na Safaricom yenyewe ina visa vyake. Mwaka 2008 iliuzwa kwa shilingi 5, watu wakakopa ili wanunue. Mwaka uliofuata bei ikawa chini ya shilingi 3. Waliouza kwa hasira wakaja kusoma gazetini 2021 kwamba imevuka 40. Ninaye jirani ambaye hadi leo ukimtajia hisa anaaga.

Benjamin Graham, aliyemfundisha Warren Buffett, ndiye babu wa mambo haya. Mwaka 1955 maseneta wa Marekani walimuuliza: hisa ikiwa chini ya thamani yake, nini hasa huipandisha? Akajibu kwamba hilo ni fumbo, hata kwake yeye. Fumbo! Mzee kaandika vitabu vinene vya kutufundisha kununua, na sehemu ya kupata pesa kaiacha kwa Mungu.

Basi nikajaribu na ng'ambo. Huko wanunuzi wapo, tatizo ni saa. New York inafunguliwa kwetu saa kumi na nusu jioni, na ikifika majira yao ya baridi inasogea hadi saa kumi na moja na nusu, wakati wa chai na mahamri. Nikaijaza fomu ya kuapa kwamba mimi si Mmarekani, kana kwamba kuna aliyenishuku. Malipo ya uaminifu huo ni kukatwa asilimia 30 ya gawio kabla halijanifikia. Hapa nyumbani, serikali tunayoilalamikia kila kukicha inakata 5.

"Baba Salma," mke wangu akaniuliza juzi, "hizo hisa zako zenye thamani kubwa, tukiziuza leo zinalipa ada?"

Nikamweleza kwamba thamani ni kitu kimoja na bei ni kingine.

"Na shule inataka kipi?"

Nilimwita shemeji yangu, kaka yake, aje anisaidie kumwelewesha. Nikamwonyesha mahesabu yote, ukurasa kwa ukurasa. Akatikisa kichwa kwa heshima, akala pilau, akaenda kununua hisa nyingine kabisa, ambayo bei yake ilikuwa imeshapanda maradufu. Ripoti yake hajaifungua. Ikapanda tena.

Sasa kila Ijumaa baada ya sala ananishika mkono. "Shemeji, hiyo yako iuze, uje huku kwetu."

Nimuuzie nani? Wanunuzi wote wako huko kwao.